Sanduku Namba Moja

Mtu akiniuliza kazi yangu, nasema mimi ni fundi wa vipimo, na wengi wanadhani nachukua damu ya malaria. Siwasahihishi. Ni afadhali wadhani hivyo, maana nikianza kueleza kazi yenyewe nitafika mahali ambapo sauti yangu inabadilika, na watu wa Uvira wana masikio.

Kazi yenyewe ni ndogo, na nikiikuza nitakuwa najisifu. Mradi mmoja ulileta masanduku ya kuangalia mito inayoshuka kutoka milimani kuingia bonde la Ruzizi. Sanduku linafungwa juu ya mlingoti kando ya mto. Lina jicho linalotazama maji, na juu yake kuna king'ora. Maji yakipita kiwango ulichokiandika, king'ora kinalia, watu wanatoka mashambani. Wakati huohuo linatuma habari kwenye kompyuta ya ofisi yetu Uvira, na kila sanduku lina namba yake ili tujue ni lipi linasema.

Kuliandikia, unachomeka kebo kati ya sanduku na kompyuta yako ndogo, unafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala kitufe. Unaandika ID na alama ya kuuliza, linakujibu namba yake. Unaandika AL na alama ya kuuliza, linakujibu kiwango cha kengele. Ukitaka kubadili kiwango, unaandika AL, alama ya sawasawa, na sentimita unazotaka. Mwisho unaandika SAVE, maana usipoandika hivyo, umeme ukikatika linasahau yote uliyoliambia. Basi. Nilisoma miaka mingi kujua kitu ambacho mtu mwenye subira angejifunza asubuhi moja.

Na aliyenisomesha ni mama mdogo, mdogo wake mama yangu mzazi. Mama alifariki nikiwa bado sijaota meno ya pili, mama mdogo akanichukua kutoka mjini akanipeleka kijijini kwake, chini kule bondeni, upande wa Luberizi. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa tumbo lake, msichana, mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni mwanangu. Shamba lao la mpunga ndilo lililo karibu na mto kuliko mashamba yote ya kijiji, na ni mpunga wa shamba hilo ulionipeleka shule ya ufundi. Mradi ulipotafuta mtu wa kufunga masanduku, niliomba kazi kwa sababu ya shamba hilo. Nilitaka wale wawili wapande na kupalilia bila kuukodolea mto macho. Nilikuwa na nia nzuri, kama wote wanaoharibu.

Kwenye mto ule tulifunga masanduku mawili. Moja kijiji cha chini, kwetu, na jingine kijiji cha juu, kwenye njia ya kupanda Lemera. Katikati ya vijiji hivyo kuna kijito kinachoingia mtoni kutoka upande wa pili wa mlima, kwa hiyo mto unaweza kuwa mpole kule juu na mkali kule chini siku hiyohiyo. Ndiyo maana yalihitajika mawili. Kule juu mto umebanwa na mawe, maji ya kawaida tu yanafika kifuani, kwa hiyo kengele niliiweka kwenye sentimita mia mbili na ishirini. Chini mto umetandaa, maji ya kawaida hayafiki hata magotini, na yakifika kiunoni tayari yameingia mashambani. Kule niliandika tisini.

Nilianza kwetu, kwa hiyo sanduku la chini likawa namba moja na la juu likawa namba mbili. Nilibandika karatasi yenye namba kwa nje, kubwa, isomeke kutoka njiani. Karatasi ile ndiyo kosa langu la kwanza. Bila karatasi hakuna ambaye angejua.

Siku ya mafunzo niliwakusanya wanawake wa mashamba. Zamani walikuwa na desturi yao: mmoja alisimama kwenye kingo akitazama rangi ya maji, yakigeuka kuwa chai ya maziwa anapiga kibidoni, dumu tupu, wote wanakimbia. Niliwaambia hiyo imekwisha. Muiname mufanye kazi yenu, nilisema, mto muiachie mashine. Mama mdogo alikuwa amekaa mbele, amevaa kitenge cha kanisani, anawatazama wenzake kuona kama wananisikiliza.

Mwezi haujaisha, shefu wa kijiji cha juu akaja ofisini Uvira na wazee watatu. Mkubwa wangu wa kazi, mtu wa Bukavu ambaye ripoti zake zilikuwa nadhifu kuliko mlingoti wowote, aliniita nikae nao. Shefu hakupayuka. Alizungumza kwa upole wa mtu anayejua atapewa.

"Sisi njo wakubwa," alisema. "Hawa ba chini, ba babu yabo balitoka kwetu, tukabapa udongo. Sasa kila muntu anapita mu njia anasoma: chini numero moja, juu numero mbili. Hii ni haya."

Nilimwambia namba ile haina ukubwa wala udogo, ni jina tu ambalo kompyuta inalitumia. Akatabasamu.

"Kama haina kintu, utupatie."

Nikasema sawa, nitapanda na kompyuta, nitaandika namba upya. Sanduku lenu litaitwa moja, la chini litaitwa mbili. Ni amri mbili tatu. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Mutoto wa pili hata umubadilishie jina, anabaki wa pili. Minye nataka ile yenyewe ilitangulia. Mutoto wa kwanza anakaa kwa mukubwa."

Wazee wale watatu waliitikia pamoja. Kwetu kifungua mimba hatengenezwi kwa kalamu. Anazaliwa wa kwanza, basi, na nyumba yake inajulikana. Mkubwa wangu alinitazama, akatazama saa yake, akasema kwa Kifaransa kwamba hilo si tatizo la kiufundi, badilisha masanduku watu waridhike. Nami nilicheka moyoni. Niliona ni ujinga wa wazee, na nikaona ni rahisi: sanduku la chini lipande juu, la juu lishuke chini, halafu niandike viwango upya, mia mbili na ishirini kule, tisini huku. Kazi ya asubuhi.

Tulipanga siku. Kijana wa pikipiki alishusha namba mbili kutoka juu alfajiri, nami nikafika kwetu jua likiwa bado jipya. Nilifungua namba moja, nikafunga namba mbili mahali pake. Nilikuwa nimeshatoa kebo mfukoni nichomeke niandike tisini, ndipo ujumbe wa kijiji cha juu ulipofika. Walikuja na pikipiki nne, wanaume wamevaa makoti, wanawake wawili na wimbo. Walikuja kumpokea mkubwa wao. Waliniambia kwa heshima kwamba mtu akija kumchukua kifungua mimba haachwi amesimama njiani. Niliwatazama wamesimama, makoti yao yamejaa vumbi. Nilirudisha kebo mfukoni. Nitaandika nikishuka, nilijiambia. Saa sita nitakuwa nimerudi.

Mama mdogo alikuwa kwenye kingo na mdogo wangu, wote wawili miguu ina tope.

"Unarudi kula?" aliniuliza.

"Ninarudi."

"Nitapika sombe na ndakala. Usichelewe, ugali itapoa."

Kule juu nilifunga namba moja, nikaliwasha, likaanza kulia papo hapo. Bila shaka. Lilikuwa na tisini kichwani, na maji ya kule yalikuwa mia na ishirini siku nzuri kabisa. Watu walishtuka, wengine wakashangilia wakidhani anasalimu. Nilichomeka kebo, nikaandika mia mbili na ishirini, SAVE, likanyamaza. Wazee walipiga makofi. Nikaomba ruhusa ya kushuka.

Ruhusa haikutoka. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Kasiksi ilikuwa kwenye madumu, pombe ya ndizi zao wenyewe, na shefu alikuwa ameniwekea kiti karibu na chake. Mgeni akiondoka kabla mwenyeji hajanawa mikono, amemtukana mwenyeji na mke wake na mbuzi. Kila mtu wa milima ile anajua hilo, na mimi nimelelewa nikijua. Hotuba zilikuwa sita. Katika hotuba ya nne niliangalia jua nikaona limeshapita mahali pa chakula cha mama mdogo. Katika ya sita niliacha kuliangalia. Waliniita binti yao, mwenye akili, mwenye heshima, asiye kama vijana wa mjini, nami, Mungu anisamehe, nilipenda kusikia.

Tuliponawa mikono ilikuwa karibu jioni. Barabara ya bondeni si ya kusafiri gizani. Kila mtu ana sababu zake za kuiogopa saa hizo na zote ni za kweli. Dereva wa pikipiki alisema kama tunataka kufika Uvira salama tusisimame popote. Tulipita kijiji cha chini mbio. Niliona moshi wa jikoni kwa mama mdogo, nikaona mlingoti na sanduku lake limekaa kimya na karatasi yake ya namba mbili. Nikasema Jumatatu.

Jumatatu mkubwa wangu alinituma kwenye mto mwingine. Wiki iliyofuata kulikuwa na wageni wa kutembezwa. Kwenye kompyuta ya ofisi masanduku yote mawili yalionekana mazima, yanataja namba zao, yanatoa vipimo vya maji kila saa. Nilikuwa nikiyatazama kila asubuhi na kuridhika. Kompyuta haikuwa na mahali pa kuonyesha kwamba mojawapo halitalia kabla maji hayajanipita mimi kichwa.

Siku moja saa sita mchana, nikiwa nakula, mama mdogo akapiga simu.

"Ile kintu yako iko kimya sana," alisema. "Jana mayi ilipanda, ikafika ku majani ya mupunga. Haikulia. Minye niliiona na macho yangu."

Nilikumbuka. Ningependa kuandika kwamba nilisahau, ingekuwa hadithi nyingine na mimi ningelala. Nilikumbuka nikiwa na tonge mkononi: sikuandika tisini. Nilipaswa kumwambia, mama mdogo, msiliamini sanduku hilo, rudisheni mtu kwenye kingo mpaka nije. Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Lakini angewaambia wenzake, na wale wanawake niliowaambia waiachie mashine mto wangejua kwamba fundi msomi alifunga sanduku akaliacha bubu akaenda kula mbuzi. Nilimcheka shefu kwa sababu ya namba yake, na mimi nilikuwa na yangu.

"Mama mudogo," nikamwambia, "masini haiko mutoto, hailie bure. Ikinyamaza, ujue hatari haiko. Mutulie. Nitakuya kuiangalia."

"Haya," alisema. "Weye njo unajua."

Ilikuwa Jumanne. Nilipanga kwenda Ijumaa, na niliomba gari kabisa, karatasi ya kuomba gari bado ninayo.

Alhamisi mchana bondeni kulikuwa na jua. Nimewauliza watu wengi na wote wanasema hivyo, jua kali, nguo zilikuwa zimeanikwa. Mvua ilinyesha nyuma ya mlima, kwenye kijito kile cha katikati. Kijiji cha juu hawakuona tone, na namba moja halikuwa na sababu ya kulia. Mama mdogo alikuwa amekwenda njiani kupokea mzigo wa miche. Mdogo wangu alikuwa shambani na jirani mmoja, wanapalilia. Jirani ndiye aliyenisimulia. Alisema aliinua kichwa akaona maji yamegeuka rangi, akasema tutoke. Mdogo wangu akatazama mlingoti.

"Tumalize kwanza huu mustari," alimjibu. "Sirene haiyalia."

Jirani alitoka kwa sababu alikuwa mzee na mwendo wake mzito, alitaka kutangulia. Hilo tu ndilo lililomwokoa. Alipofika kwenye njia na kugeuka, shamba halikuwepo.

Tulimpata siku ya pili, mbali kule bondeni, kwenye matete. Sitaandika tulimpata vipi.

Baada ya maziko nilikwenda kwenye mlingoti na mkubwa wangu wa kazi. Ulikuwa umeinama lakini haukung'oka, sanduku lina tope hadi nusu. Nilichomeka kebo. Nikaandika ID na alama ya kuuliza, likajibu mbili. Nikaandika AL na alama ya kuuliza, likajibu mia mbili na ishirini. Lilikuwa limetunza kila kitu nilichokuwa nimeliambia kule juu siku ya kwanza, halikupoteza hata sentimita moja. Nilitamani lingekuwa limeharibika. Nilitamani hivyo kwa nguvu zote, nikasimama pale nikiliombea liwe limeungua, limeingia maji, limeliwa na mchwa.

Mkubwa wangu alisoma kwenye kioo juu ya bega langu. Alielewa, si mjinga. Akafunga daftari lake, akasema kwa sauti ya chini kwamba mafuriko yalikuwa makubwa mno, kifaa kilipata hitilafu, na kwamba mimi nimefiwa, nisijichoshe na ripoti, ataiandika yeye. Nilimwachia. Katika karatasi za mradi ule mdogo wangu aliuawa na hitilafu ya kifaa. Niliandika tisini, SAVE, nikachomoa kebo.

Kilioni watu walisema wanayosema. Shefu wa juu alikuja na mbuzi mwingine, akakaa mbele kama mkubwa, akasema Mungu amempenda zaidi. Mwingine akanishika bega akaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Mtu akikupa methali kwenye kilio, ujue hana la kusema na anaona aibu kunyamaza. Wapo walionikodolea macho, wanawake wa mafunzo hasa, na mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mashine ya mjini imetuulia mtoto. Mama mdogo aliinua uso.

"Mutoto yangu hana kosa," alisema. "Masini njo ilimudanganya. Hata yeye imemuulia mudogo yake. Mumuache."

Wakaniacha. Nilikaa pale siku zote za kilio nikiwa ndani ya maneno hayo, nikipewa chakula kwanza, nikiitwa maskini dada. Waliniletea maji ya kunawa. Nilinawa.

Nilirudi Uvira, nikafanya kazi miezi kadhaa, nikaacha mradi ule. Nilijiambia nitamwambia akipata nguvu kidogo, kisha nikajiambia akivuna, kisha nikajiambia kumwambia ni kumwongezea msiba na kunipunguzia mimi. Hiyo ya mwisho ina ukweli ndani yake, na nilijificha humo muda mrefu. Mwishowe nilipanda gari la asubuhi nikaenda.

Nilimkuta anaanika mpunga kwenye turubai. Mpunga wa mtu mwingine. Shamba lile limekuwa mchanga na mawe. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: tisini, mia mbili na ishirini, makoti ya wale wanaume, mbuzi, tonge, simu. Nilimwambia kwamba alipopiga simu nilikuwa najua. Hakuuliza maana ya chochote. Alikuwa amepiga magoti, anasambaza mpunga kwa kiganja, na kiganja hakikusimama mpaka nilipofika kwenye simu.

"Minye niliiona ile mayi," alisema. "Jioni ile nilimuambia mudogo yako, tusirudi ku shamba mupaka masini itengenezwe. Yeye akakubali. Kiisha nikakupigia. Ukasema mutulie." Alichukua punje moja ya jiwe kwenye mpunga, akaitupa pembeni. "Asubui ya Alhamisi hakutaka kwenda. Alikuwa anaogopa. Minye njo nilimutuma. Nilimuambia dada yako amesema."

Nilitaka kupiga magoti karibu naye, akaweka mkono mbele, si kwa hasira, kama mtu anayezuia kuku asikanyage mpunga.

"Weye umekuya kuniambia minye," alisema. "Sasa minye nitamuambia nani?"